Maswali ya Wasomaji: Amekuudhi au Amekukwaza?

Barua za safari hii zimetoka mkoa wa Tabora, nyingi mjini, chache Urambo na Uyui. Mambo yanayoulizwa yako mbalimbali, kuanzia suruali hadi spika za mkesha, lakini jambo moja linarudi karibu katika kila barua: kukwaza. Tunaanza na barua ambayo neno hilo ndilo ugomvi wenyewe.

Suruali ya kazini na mama wa kwaya

"Bwana Yesu asifiwe. Nafanya kazi ya afya. Napanda pikipiki kwenda vijijini, kwa hiyo navaa suruali. Jumatano natoka kazini moja kwa moja hadi mazoezi ya kwaya. Mama mmoja, mzee wa kanisa, ameniambia mbele ya wenzangu kwamba namkwaza, na kwamba Paulo alisema chakula kikimkwaza ndugu yake hatakula nyama milele. Je, mtu mmoja asipopenda, uhuru wangu ndiyo umekwisha?" (Dada wa kwaya, Ipuli)

Ameni, dada. Tuanze na neno lenyewe. Mtaani tukisema "fulani kanikwaza" tunamaanisha kaniudhi. Si vibaya neno kupanuka hivyo, ila ukiibeba maana ya mtaani ukaipachika kwenye 1 Wakorintho 8, umempa kila mwenye hasira rungu la kukuchapia.

Paulo aliandika Kiyunani. Neno moja alilotumia ni proskomma, kitu ambacho mguu unakikwaa, kama kisiki kwenye njia ya usiku. Jingine ni skandalon, ambalo asili yake ni kijiti cha mtego, kile kinachoshika chambo: mnyama akikigusa, mtego unafyatuka. Sasa soma aya ya 10 na 11 polepole. Yupo mtu ambaye dhamiri yake bado inamwambia kwamba kula nyama iliyotolewa kwa sanamu ni kuabudu sanamu. Anakuona wewe umeketi unakula. Anapata ujasiri ambao si wake. Anakula huku moyo unamshtaki, na anaharibika. Hapo ndipo pana kikwazo: mtu ametenda, kwa kukuiga wewe, jambo ambalo yeye mwenyewe anaamini ni dhambi. Aliyekunja uso tu hajafika huko.

Mpime mama kwa kipimo hicho. Je, kuna hatari kwamba kesho atavaa suruali kwa sababu yako, dhamiri ikimchoma? Tunadhani hakuna. Basi ameudhika, hajakwazwa.

Hata hivyo aliyeudhika bado ni jirani, na Warumi 15:2 inataka tumpendeze jirani kwa jambo jema la kumjenga. Nenda kwake nyumbani, peke yako, kabla wiki haijaisha. Mathayo 18:15 inataka jambo lianzie kati ya wawili, na yeye aliiruka hatua hiyo alipokusema mbele ya kwaya. Siku ya kwanza usimkumbushe hilo. Mpe shikamoo yake, kaa, ulizia wajukuu, kisha sema: "Mama, nisaidie nielewe. Unamhofia nani? Mimi, wewe mwenyewe, au kuna binti umemwona anayumba?" Jibu lake ndilo litakaloamua. Akikutajia binti ambaye kweli anaamini suruali ni dhambi na ameanza kuivaa kwa kukufuata huku analia usiku, umepata kisiki halisi. Mtafute binti huyo. Akisema "haipendezi" au "sisi zamani hatukufanya hivi", hayo ni mazoea. Mazoea nayo yana heshima yake, lakini hayalipiwi bei ileile.

Kwa mazoea, sisi tungeshauri kitenge. Kiweke kwenye begi la pikipiki, ukijifunge mlangoni kabla ya mazoezi. Ni kazi ya dakika moja. Barabarani baki na suruali, kwa maana nguo pana hunaswa kwenye cheni au spoku, na hilo halina mjadala wa kiroho. Mwambie mama waziwazi: "Mazoezini nitajifunga kitenge kwa heshima yako." Usiseme "nimekosa, nimeacha dhambi".

Maneno hayo mawili yametengana sana, na Paulo mwenyewe alitembea katikati yake. Matendo 16:3 inasema alimtahiri Timotheo kwa ajili ya Wayahudi wa sehemu zile, ili njia ya kazi iwe wazi. Wagalatia 2:3-5 inasema kwa Tito alikataa katakata, kwa kuwa pale palikuwa na watu wanaotaka kuifanya tohara sharti. Tendo ni lile lile, mtume ni yule yule. Kwa hiyo siku wazee wakisema mwenye suruali asikaribie Meza ya Bwana, kitenge chako kimegeuzwa kuwa kodi. Hapo kataa kwa adabu, na uombe jambo liingizwe kwenye ajenda ya kikao cha wazee, aya zikiwa zimeandikwa.

Warumi 14:3 inawafunga wote wawili: alaye asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu alaye. Paulo anamwita asiyekula dhaifu, anataka abebwe, na bado hampi kiti cha hakimu. Ajabu ni jinsi mtu anavyoweza kudai udhaifu kwa miaka thelathini huku akiwa mwenyekiti wa kila kamati.

Mambo haya huharibika kwa njia mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni kujifunga kitenge kwa kinyongo, na kila mtu akakiona. Ya pili ni kulimwaga jambo kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Likishafika huko, mama hawezi tena kurudi nyuma bila kuaibika.

Mbuzi wa mizimu

"Tumsifu Yesu Kristo. Mjomba wangu huko Uyui ameugua muda mrefu. Wazee wameamua kutambika: mbuzi atachinjwa kwa ajili ya mizimu, ukoo wote utakula, na kila kaya imeombwa mchango. Najua mizimu haina nguvu juu yangu, nyama ni nyama. Mdogo wangu, ambaye mimi ndiye niliyemvuta kwenye imani, alibatizwa Pasaka iliyopita, naye atakuwepo. Nile, nisile?" (Kijana wa Uyui anayeishi mjini)

Milele amina. Hoja yako kwamba nyama ni nyama ndiyo waliyokuwa nayo Wakorintho. Paulo aliikubali katika 1 Wakorintho 8:4, kisha akatumia sura tatu kuwaonyesha kwamba haitoshi. Anatenganisha meza tatu, nasi mara nyingi tunazichanganya.

Meza ya kwanza ni ya ibada yenyewe, 10:14-22. Mahekalu ya Korintho yalikuwa na vyumba vya kulia chakula, na waakiolojia wamevifukua. Kualikwa kula pale kulikuwa jambo la kawaida, kama sisi tunavyoalikwa ukumbini. Paulo anasema huwezi kuishiriki meza ya Bwana na meza ile. Angalia sababu: hapo hataji ndugu dhaifu kabisa, anataja ushirika. Nyama inayogawiwa siku ya tambiko kama sehemu ya tambiko iko kwenye meza hii. Usiile, hata mdogo wako angekuwa Dar es Salaam.

Meza ya pili ni ya sokoni, 10:25: kuleni bila kuuliza-uliza. Hapa Tabora maana yake ni bucha. Huna sababu ya kumhoji mwenye bucha nani amechinja na ametamka nini. Mwanzoni mwa 2013 ugomvi wa nani achinje ulifika hadi kumwaga damu kule Buseresere, Geita; aya hii moja ingewatosha Wakristo kwa upande wao.

Meza ya tatu ni ya nyumbani kwa mtu, 10:27-29. Ukimtembelea shangazi siku tatu baadaye akakuwekea mchuzi wa mbuzi, kula. Akisema "hii ni ile ya mizimu", weka kijiko chini, kwa ajili yake yeye aliyekwambia. Kwa kukuambia ameonyesha kwamba machoni pake ile nyama bado imebeba jambo, na anatazama utafanya nini.

Sasa mchango. Usichangie mbuzi, lakini usikae mikono mitupu. Kaya zikiombwa shilingi 20,000, wewe toa 20,000 hiyo au zaidi, uitaje kwa jina lake: nauli ya kumpeleka hospitali, dawa, unga, sukari. Itoe mapema, kabla orodha haijasomwa. Ukitoa pungufu wazee watasema wokovu ni jina jipya la ubahili, na watakuwa na haki.

Siku mbili au tatu kabla, nenda kwa mzee anayesimamia shughuli, ukiwa na mtu mzima wa ukoo anayekuelewa. Sema hivi: "Wazee wangu, mgonjwa ni wangu kama alivyo wenu. Nitakuja, nitachota maji, nitapasua kuni, nitakesha naye. Sehemu ya mizimu naomba mnisamehe." Siku yenyewe fika alfajiri, usalimie kwa heshima zote za nyumbani, ufanye kazi zile kweli. Tambiko likianza, kaa na mgonjwa. Mwombe shangazi tangu jana yake akutengee ugali na mlenda kutoka chungu kingine, ili saa ya kula usianze kuchambua sahani mbele ya watu.

Halafu mdogo wako. Zungumza naye usiku wa kuamkia siku hiyo, usingoje mambo yaishe. Hapa ndipo wengi hukosea: wanajizuia kimyakimya, na aliye mchanga katika imani anahitimisha kwamba mbuzi yule ana nguvu za kudhuru, ndiyo maana kaka kamwogopa. Umemkinga na nyama, umemwachia hofu. Mwambie mambo mawili: nyama haina uchawi, tunaiacha kwa sababu karamu ile ni ibada, nasi ibada yetu tumeshampa Mungu.

Kukimbia siku hiyo na kuzima simu, kula usiku jikoni wengine wakishalala, au kuanza kuhubiri wazee wakiwa katikati ya tambiko: hayo matatu hayamsaidii mgonjwa, mdogo wako wala wewe.

Kitimoto uani

"Shikamooni. Tumepanga Ng'ambo, nyumba ya vyumba sita, ua mmoja. Wakristo ni sisi tu. Mume wangu anapenda kitimoto. Majirani hawasemi, ila siku hiyo hufunga madirisha. Asubuhi nauza maandazi na wao ndio wateja wangu. Yesu alivitakasa vyakula vyote. Kwa nini nijifiche chumbani kwangu?" (Mama wa maandazi)

Marahaba, mama. Marko 7:19 iko upande wako. Jirani Mwislamu pia si yule "dhaifu wa imani" wa Warumi 14, kwa sababu Paulo pale anasema habari za ndugu wa kanisani. Aya inayomhusu ni 1 Wakorintho 10:32, inayokataza kuwakosesha walio nje kama walio ndani.

Kwanza kumbuka mlivyopatana na mwenye nyumba. Kama siku ya kuchukua chumba alisema "nguruwe hapana" nanyi mkasema ndiyo, basi ndiyo yenu ibaki ndiyo. Baba aile kulekule inakouzwa. Kama hakusema, haki mnayo. Kinachobaki ni namna ya kuitumia.

Vyombo viwe mbali: sufuria, kikaango, kisu, ubao, sponji na beseni la kuoshea. Tia alama ya rangi kwenye vishikio, na usiviazime hata ukiombwa saa mbaya. Mnapotumia friji pamoja, nyama ikae kwenye chombo chenye mfuniko, rafu ya chini kabisa, maji yake yasidondokee vya wengine. Mifupa ifukiwe au ifungwe na kutupwa siku ileile. Mbwa mmoja akiutembeza mfupa mlangoni kwa jirani, adabu yako yote ya mwaka mzima imekwenda. Kuchemsha kwa mfuniko kisha kukaanga kidogo kunatoa harufu kidogo kuliko kuchoma juu ya mkaa. Chagua siku, na siku hiyo isiwe Ijumaa wala saa ya futari mwezi wa Ramadhani. Na iive mpaka ndani, pasibaki wekundu, kwa ajili ya minyoo ya tegu. Nunua iliyopigwa muhuri wa mkaguzi.

Kubwa kuliko yote ni mafuta. Mafuta yaliyokaangia kitimoto yasirudi kamwe kwenye karai la maandazi, na karai, mwiko na chujio viwe vya maandazi peke yake. Hapa hatuzungumzii tena harufu. Mteja aliyekula bila kujua ameondolewa uamuzi wake mwenyewe, na hakuna aya ya uhuru inayofika huko. Kama limeshatokea, nunua karai jipya na mafuta mapya, na uwaambie wewe mwenyewe kabla hawajasikia kwa mtoto wako. Utapoteza wateja kwa muda. Ni afadhali.

Krismasi ukitaka kuwapelekea sahani, nunua kuku mzima, baba wa jirani achinje, mpike kwenye sufuria ya mkewe. Watakula bila kuulizana kwa macho.

Bia ya kwenye treni

"Nyumbani sinywi, kanisa letu limekataza na mke wangu anaumia akiona pombe. Nikienda Dar kwa treni naagiza bia moja. Hakuna anayenijua. Namkwaza nani?" (Msafiri, Cheyo)

Huenda hakuna. Warumi 14:22 inakubali kwamba kuna mambo mtu huwa nayo kati yake na Mungu, kwa hiyo kufanya faraghani peke yake si unafiki. Swali lako liko kwingine: uliahidi nini, na kwa nani? Kama ulimwahidi mkeo au uliwekwa wakfu kwa nadhiri ya kutokunywa, ahadi haina mipaka ya stesheni. Kama hukuahidi, mwambie mkeo leo kwamba safarini hunywa moja. Ukiona ulimi unakuwa mzito kulisema, umeshapata jibu lako. Na ukiwa mezani, mtazame unayekaa naye: kama anapambana kuacha, chupa yako moja ndicho kile kijiti cha mtego tulichokieleza juu.

Tumbaku

"Nalima tumbaku Urambo, ekari mbili na nusu, kupitia AMCOS yetu, chama cha ushirika cha wakulima. Mwinjilisti mgeni amesema mkulima wa tumbaku anauza kifo. Kanisa lake mwenyewe limeezekwa kwa sadaka za tumbaku. Niache?" (Mkulima)

Mmea huu ulitoka bara la Amerika na waandishi wa Biblia hawakuujua, kwa hiyo usitafute aya yenye jina lake. Kwamba sigara zinaua, mwinjilisti yuko sahihi na hakuna haja ya kubishana naye. Lililobaki ni dhamiri yako (Warumi 14:5 na 23) pamoja na watu unaowagusa kwa mkono kila msimu, ambao katika mahubiri ya namna hii husahauliwa.

Kama dhamiri imeshakushtaki, anza kutoka, lakini toka vizuri. Mbolea na dawa umechukua kwa mkopo kupitia chama. Ukiacha katikati ya msimu deni linabaki, na wanaoumia ni wanachama wenzako ambao hawakusikia mahubiri hayo. Muda wa kutoka ni baada ya malipo ya soko na kabla ya kusaini mkataba mpya. Punguza nusu ekari kila msimu, uweke alizeti, karanga au mahindi, na mizinga ya nyuki kama una pori karibu. Kwa kupunguza hivyo, ekari mbili na nusu zinamalizika kwa misimu mitano, na nyumba haitalala njaa.

Kama bado unalima, jirani yako wa kwanza ni kibarua anayevuna. Nikotini hupenya ngozi, hasa majani yakiwa na umande au mvua. Mtu anapata kizunguzungu, kichwa, kichefuchefu, anatapika, na watu wanasema ni malaria. Basi vuneni majani yakishakauka umande, kwa glavu na mikono mirefu, na nailoni kifuani kwa anayebeba mzigo. Nguo zikilowa zivuliwe hapohapo, na sabuni na maji viwe shambani, visisubiri kufika nyumbani. Watoto wasiguse; Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kuwapa kazi za hatari, na hii ni mojawapo. Usihifadhi tumbaku chumba wanacholala watu. Makopo ya dawa yatobolewe, yasichotewe maji.

Kisha kuni. Bani, yaani banda la kukaushia tumbaku kwa moto, likiwa na nyufa na mabomba yanayovuja linakula magogo bure, kwa hiyo ziba kwa udongo kabla ya kuchoma bani la kwanza. Panda miti kila mwaka na uihesabu iliyopona, usihesabu iliyopandwa. Mwenye kukata kila msimu bila kuotesha anakula pori la wajukuu wa watu wengine.

Na kanisa lililopokea zaka ya tumbaku miaka yote lisimgeukie mkulima mimbarini siku moja. Liitishe kikao, na wakulima wawemo.

Spika za mkesha

"Mkesha wetu ni kila Ijumaa, saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Majirani wameshtaki kwa mtendaji wa mtaa. Vijana wanasema tukipunguza sauti tunaionea haya Injili." (Mzee wa kanisa, Isevya)

Waambie vijana wasome 1 Wafalme 18. Waliopaza sauti kwa saa nyingi juu ya Karmeli walikuwa upande wa pili, manabii wa Baali. Eliya aliomba mara moja.

Zipo kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kanisa halijasamehewa. Lakini msisubiri kufika huko. Ondoeni spika ya tarumbeta ya juu ya paa usiku. Aliyeko nje ya mkesha hakuomba kukesha. Spika zielekezwe ndani, usawa wa vichwa vya waliokaa, mgongo wake ukiwa upande wenye nyumba nyingi. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili sauti hushuka kama desibeli 6. Kwa hiyo aliye mita 10 anaumia sana kuliko wa mita 40, na ndiye wa kuulizwa. Besi ndiyo inayopenya kuta na kutikisa mabati: fundi mitambo akate sauti za chini ya Hezi 100 kuanzia saa nne. Saa sita zimeni kabisa, muombe kwa midomo. Kijana mmoja asimame dirishani kwa jirani, kwa ruhusa yake, asikilize. Akiweza kuyafuata maneno ya wimbo, bado ni kubwa. Ulizeni kabla ya kila Ijumaa kama kuna mgonjwa, mtoto mchanga au mwanafunzi wa mtihani, na mwachieni balozi wa nyumba kumi namba ya simu ambayo mtu ataipokea usiku huohuo.

Dhaifu ni mimi

"Nimekulia kwenye nyumba ya mganga. Manyanga yakilia mwili wangu unasisimka na nakumbuka mambo. Kikundi chetu cha vijana kimeanza kuimba kwa ngoma za asili na manyanga. Wanasema nimefungwa na sheria. Wananikosea, au mimi ndiye tatizo?" (Binti, Kanyenye)

Wewe huna kosa, na aya za aliye dhaifu tulizozitaja juu ziliandikwa kwa ajili ya mtu kama wewe. Hapa pana kikwazo cha kweli, maana ukilazimishwa kupiga utakuwa unafanya jambo ambalo dhamiri yako bado inaliita ibada ya kule ulikotoka. Usipige. Mwambie kiongozi wa kikundi kwa uwazi ni chombo gani na ni mapigo yapi. Ukisema tu "sipendi ngoma" atadhani ni suala la ladha. Wenye nguvu waweke manyanga pembeni siku unazokuwepo, watumie kayamba. Hakuna wimbo utakaokufa.

Kwa upande wako, usiwaambie kwamba manyanga ni dhambi kwa kila mtu, kwa sababu kwa aliyekua akiyasikia harusini tu hayana kumbukumbu hiyo. Wala usione aibu kuulizwa tena baada ya miezi sita. Mwombe kiongozi akuulize yeye, asikuulize mbele ya kundi. Ikifika siku unataka kujaribu, usianze kwa kupiga. Anza kwa kusikiliza ukiwa karibu na mlango, na mtu mmoja anayeijua habari yako akae pembeni yako.